Wewe Ukuta, Muulize

Ulikuwa unamsikia kabla hujamwona. Kwanza kikohozi kikavu, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwa koo. Baada ya kitambo kofia yake ya kijivu ilitokea kwenye kona ya njia, katikati ya mibuni ya kahawa. Akikaribia kona nyingine, alikohoa tena. Majirani walikwisha kumzoea. Mgeni akiuliza ni nani huyo mgonjwa, walimjibu kwa kucheka, "Si mgonjwa, ni Mkalimani anakuja kazini."

Alizaliwa wapi hasa, na ukoo wake ulitoka bonde gani, wenyewe watu wa Ikinga, huko milimani kwa Wandali, wanajua zaidi yangu. Mimi ninachokijua ni miaka tuliyofanya kazi pamoja katika hospitali ndogo ya misheni huku Mbozi, enzi za Waingereza, yeye akiwa mkalimani na mimi nikiwa dresa, yaani kijana wa kufunga vidonda, kugawa dawa na kumshikia daktari taa. Nilikuwa nimetoka shule ya sekondari, kitu cha nadra siku zile, na nilitembea kama mtu anayetaka kila mmoja ajue.

Kikohozi kile kilimsumbua Daktari kuliko kilivyomsumbua mwenyewe. Siku moja alimwita ndani, akamvua koti na shati, akamsikiliza kifua mbele na nyuma. Hakusikia kitu. Hata hivyo akampa chupa ya dawa nyeusi, chungu. Mkalimani aliinywa yote, akarudisha chupa ikiwa imeoshwa, akashukuru, na kesho yake akatokea njiani akikohoa vilevile.

Mimi nilijua. Nyumbani kwake, umbali wa kutosha kuchemsha viazi kutoka hospitalini, alikuwa akiishi na mke wa mwanawe. Kwa desturi ya Wandali, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso, hawasemezani, hawapishani njiani. Mmoja akimwona mwenzake anakuja, huingia porini mpaka apite. Kwa hiyo mzee yule alikohoa kila kona, ili binti wa watu, kama yuko njiani na mtungi wake, apate nafasi ya kujitenga bila kukimbia.

Nikamwuliza, "Mzee, mbona hukumweleza Daktari?"

"Kaniuliza kama kifua kinauma. Nimemjibu hakiumi. Hakuniuliza nakohoa kwa ajili ya nani."

Hospitali ile ilikuwa na lugha nyingi kuliko vitanda. Sisi Wanyiha tulikuwa wenyeji. Kutoka Tunduma na bonde la Momba walipanda Wanamwanga, na Wabemba waliovuka mpaka kuja kwa ndugu zao. Kutoka Kamsamba walikuja watu wa bondeni, wameungua jua, wakitetemeka kwa baridi yetu. Na kutoka milima ya kusini walikuja Wandali, wanawake hasa, waliokuwa hawana Kiswahili hata cha kuombea maji. Daktari alijua Kiswahili cha kitabuni, safi lakini kigumu, na akiharakishwa alirudi kwenye Kiingereza, ndipo mimi nikamgeuzia. Upande wa pili wa Kiswahili alikaa Mkalimani. Lugha zake alizikusanya migodini Rodeshia, alikokaa miaka mingi katika kambi moja na watu wa kila kabila. Kindali kilikuwa chake cha kuzaliwa. Nyingine, alisema, alijifunza kwa kugombania sufuria.

Hakuwa mtu mnyenyekevu, msije mkadhani. Alikuwa na koti la migodini lenye vifungo vya shaba, akalivaa hata jua la Oktoba. Alidai kiti. Kabla yake wakalimani walisimama nyuma ya Daktari, kama mtu anayengoja kutumwa. Yeye siku ya kwanza alisimama kwa mgonjwa mmoja tu, kisha akatoka nje, akarudi na kigoda kutoka jikoni, akakiweka kati ya Daktari na mgonjwa, akakaa.

Daktari akamtazama. "Umechoka?"

"Hapana, Bwana. Mgonjwa amekaa, wewe umekaa. Maneno yakitoka chini yakapanda juu kisha yakashuka tena, yatachoka yenyewe."

Daktari alicheka, jambo lisilotokea sana, na baada ya wiki kilitengenezwa kiti cha kweli.

Kazi yake aliifanya kwa namna yake. Mzee mmoja wa Kamsamba aliulizwa ameanza kuumwa lini. Akaanza na safari ya kuwinda, akaeleza nyati alivyogeuka, akataja waliokuwepo, akasimulia mvua, ng'ombe aliyepotea, na ndugu yake aliyemroga au hakumroga, hakuwa na hakika. Alisema mpaka Daktari akamaliza kusafisha miwani yake mara mbili. Mwisho Mkalimani akageuka, akasema, "Tangu mvua za kwanza."

"Basi?" Daktari akashangaa. "Amesema maneno mia!"

"Mengine yalikuwa salamu, Bwana."

Na kulikuwa na jambo alilolihesabu kuwa ufundi wake, nasi tukalihesabu kuwa ubishi. Mwenyewe aliliita kutia sukari. Daktari alikuwa mwema lakini mkali, na akimkuta mama amemchanja mtoto kifua kwa wembe kabla ya kumleta, alifoka. Mkalimani alisikiliza mfoko ule wote kwa makini, akitikisa kichwa, kisha akamwinamia mama akasema, "Daktari anasikitika pamoja nawe." Siku moja mama mmoja wa Kinyiha alijibu kwa maneno ambayo nisingependa kuyaandika, akataja pua ya Daktari na mama yake. Mkalimani akageuka, uso haukubadilika. "Anashukuru."

Mimi Kinyiha ni changu. Nilitoka nje nikacheka mpaka nikaegemea ukuta. Halafu nikarudi nikamkemea, maana nilikuwa kijana na nilipenda kukemea.

"Mzee, kazi yako ni kusema walichosema."

"Nami ndicho nifanyacho."

"Huyu mama katukana!"

"Kaogopa. Mimi nimesema alichotaka kusema baada ya kuacha kuogopa." Akanitazama chini ya kofia. "Wewe msomi, umewahi kunywa chai bila sukari?"

"Nimewahi."

"Ukaipenda?"

Yeye mwenyewe kikombe chake kilikuwa sukari iliyolowanishwa chai. Sista aliyesimamia stoo, mama wa Kizungu mwenye huruma na funguo nyingi, alimfungia kabati, lakini kabati lile halikumzuia sana.

Ningependa kuishia hapo, kwenye vichekesho. Lakini sukari ile ilikuwa na upande mwingine, na nikimchora bila upande huo nitakuwa nimeitia mimi.

Alikuja mzee wa Kinamwanga, mguu umeoza kidole hadi kifundo. Daktari alisema wazi, kwa Kiswahili chake kigumu, kwamba mguu ukatwe wiki ile, la sivyo mzee atakufa. Mkalimani alimgeukia mzee. Kisha akasema kwa Kinamwanga maneno mafupi. Mzee akaitikia, akacheka kidogo, akaomba ruhusa akamalize mavuno yake ya ulezi. Hakurudi. Habari zilipofika kwamba amezikwa, nilimkabili Mkalimani palepale barazani, mbele ya wagonjwa.

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia mguu unahitaji kupumzika hapa kwetu."

"Hukumwambia atakufa?"

"Mtu amekuja na fimbo yake na mjukuu wake. Nitamwambiaje utakufa, kabla hajaketi vizuri?"

"Amekufa, Mzee."

Mkalimani alikwenda Tunduma kwa miguu, akakaa matanga na watu wale wasiomjua, akarudi. Koti lake lilikuwa na vumbi na hakulikung'uta siku kadhaa. Nilidhani angeacha tabia ile. Hakuiacha. Aliipunguza tu, kama mtu anayepunguza tumbaku, na kila alipotakiwa kutamka neno "kufa" nilimwona akilitafuta mdomoni kana kwamba ni mfupa wa samaki.

Ajabu nyingine ni kwamba mtu huyo wa maneno hakuwa na maneno nyumbani. Nilimtembelea mara nyingi. Alikaa upande wa juu wa uwanja, mgongo kwa jiko ambako mke wa mwanawe alipika, akamwonyesha mkewe kwa kidole: maji, moto, mgeni. Mwanawe alikuwa migodini, kama baba yake zamani. Binti yule alikuwa ametoka Ikinga mwaka uleule, akajikuta katikati ya Wanyiha, akijua salamu zetu tu. Nilimwona kwa mgongo, au kwa kitambaa kinachopotea nyuma ya nyumba. Lakini uwanja ulifagiwa kila alfajiri kwa mistari iliyonyooka, na uji wa mzee uliwekwa kwenye jiwe moja pale pale, ukiwa na joto lilelile, naye akiutazama alikuwa anasema polepole, kwa Kiswahili asichokijua msichana yule, "Huyu ni mtoto mzuri."

Kanisani waliingia kwa milango miwili. Mchungaji aliwahi kuhubiri kwamba hayo ni mambo ya zamani. Mkalimani alimsikiliza kwa adabu, akatoka kwa mlango wake, akakohoa. Aliomba Mungu kwa Kiswahili siku zote. Nilipomwuliza sababu, alisema kwa Kindali angeanza kugombana naye.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa ya mvua, mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa. Wanawake wa Kinyiha, majirani zake, walimleta binti yule juu ya machela. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hatoki. Mama mkwe wake, mke wa Mkalimani, alikuwa amekwenda msibani Ikinga. Majirani walijua kumbeba, lakini hawakujua anasema nini. Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda, akisema maneno yaleyale tena na tena, na mle ndani hapakuwa na aliyeyaelewa.

Daktari alimpima, akanyanyuka, akaanza kuuliza kwa Kiingereza, haraka. Uchungu umeanza saa ngapi? Chupa ya uzazi imepasuka? Maji yalikuwa ya rangi gani? Amekunywa kitu? Mtoto anacheza? Akamaliza, "Yuko wapi mkalimani?"

Nilimkuta nyuma ya jiko la hospitali, amesimama mvuani, kofia mkononi.

"Mzee, unaitwa."

"Najua."

"Twende basi."

"Bwana Dresa, aliyemo humo ni mke wa mwanangu."

"Ni mgonjwa."

"Ni mke wa mwanangu kwanza. Mtafute mtu mwingine wa Kindali."

"Hakuna mwingine! Wewe ndiye uliyebaki!"

"Basi ngoja nifikiri."

Sikungoja. Sisi Wanyiha nasi tunaheshimu wakwe. Sikuwa mgeni wa jambo lile hata nijitetee kwamba sikujua. Nilijua, nikalidharau, kwa sababu shule ilinifundisha kwamba katika hospitali watu wote ni miili. Nilimshika mkono, nikamvuta. Alikuwa mzee na sakafu ilikuwa na maji. Tukaingia.

Binti yule alifungua macho, akamwona baba mkwe wake anamtazama, naye yuko katika hali ile. Hakupiga kelele. Alivuta shuka akafunika kichwa, akajiviringisha upande wa ukutani, akaanguka chini kwa magoti, tumbo likagusa ukingo wa kitanda. Kisha hakusema tena hata yale maneno yake. Sista alilia, "Mnafanya nini!" Mkalimani alijifunika uso kwa kofia, akarudi kinyumenyume mpaka nje. Mimi nilibaki nimesimama, mkono bado umeinuka mahali ulipokuwa mkono wake.

Tulimrudisha kitandani. Daktari alimwuliza kwa Kiswahili, Sista akamwuliza kwa ishara, mimi nikajaribu Kinyiha. Alikuwa amekufa ulimi. Chini ya shuka tuliona kifua kinapanda na kushuka, basi.

Ndipo tukasikia kikohozi. Mara mbili, upande wa nje, chini ya dirisha.

"Bwana Dresa," sauti ikasema kwa Kiswahili. "Funga dirisha, uache ufa wa kidole. Mwambie nimegeuka. Mwonyeshe kwa mkono kwamba nimegeuka."

Nikachungulia. Alikuwa amekaa chini kwenye matope, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa hospitali, uso ameuelekeza kwenye mvua. Nilifunga dirisha nilivyoambiwa. Nikamwonyesha binti kwa viganja: mgongo, mgongo. Sijui kama aliona.

Kisha mzee akaanza, kwa Kindali, polepole, na maneno hayo niliyaelewa kwa sababu aliyarudia sana siku ile, na kwa sababu lugha zetu ni majirani: "Wewe ukuta, muulize aliye ndani, uchungu ulianza lini?"

Mvua tu.

Daktari akanong'ona, "Anazungumza na nani?"

"Na ukuta, Bwana."

Alitaka kusema kitu, Sista akamgusa mkono.

"Wewe ukuta," mzee akarudia, "muulize taratibu. Mwambie wewe ni ukuta tu, huna macho."

Chini ya shuka ikatoka sauti ndogo, imekauka. "Ukuta, waambie tangu jana asubuhi, nilipokuwa nafagia."

Mzee akaleta jibu kwa Kiswahili, mimi nikalipeleka kwa Kiingereza. Tukaendelea hivyo. Swali la Daktari lilikwenda kwangu, likapita kwenye ufa wa dirisha, likazunguka kwa ukuta, likaingia. Jibu likarudi njia ileile. Chupa imepasuka? Imepasuka. Rangi gani? Hapo sauti ya mzee ilikwama. Haya ni mambo ambayo mwanamume wa kwao hawezi kuyataja hata kwa mkewe mwenyewe akiwa na adabu, sembuse mke wa mwanawe.

"Ukuta. Muulize rangi."

"Ukuta, yalikuwa ya kijani."

Kijani maana yake mtoto anateseka. Ikaja zamu ya dawa. Miaka yote ile, wagonjwa walipokiri dawa za mizizi, Mkalimani alizimeza. "Amekunywa maji tu, Bwana," alikuwa anasema, ili wasikemewe. Safari hii ukuta uliuliza, na binti akasema amekunywa. Ukuta ukauliza alipewa na nani.

"Ukuta, hilo sisemi."

Mzee alijua. Nyumbani kwake palikuwa na mtu mmoja tu wa kumpa, naye alikuwa msibani Ikinga.

"Bwana Dresa," akasema, na sauti yake ilikuwa kavu kuliko nilivyowahi kuisikia. "Mpe Daktari hili kama lilivyo. Amekunywa dawa ya mizizi ya kuharakisha uzazi. Ameitengeneza mke wangu kabla ya kwenda msibani. Naifahamu, ni kali, hukaza tumbo kama jiwe. Amekunywa zaidi ya mara moja. Mpe hivyohivyo. Usitie sukari."

Daktari hakufoka. Alisikiliza, akamgusa binti tumbo tena, akaniambia kwamba dawa ile inaweza kupasua kizazi, hakuna muda, lazima apasuliwe sasa hivi, na lazima akubali mwenyewe kwa sababu anaweza asiamke. "Mwambie kweli," alisema. "Mwambie huyo mzee aseme kweli."

Nilisema kwenye ufa wa dirisha. Nikasubiri. Nilimkumbuka mzee wa Kinamwanga, nikajua kwamba yeye pia anamkumbuka.

"Wewe ukuta," akasema. "Mwambie asipopasuliwa atakufa, yeye na mtoto. Akipasuliwa anaweza kufa. Anaweza pia kupona. Muulize kama anakubali."

Neno lile lilitoka zima, halikutafutwa.

Shuka ilitikisika. "Ukuta," binti akasema, "huyo anayekutuma ataondoka?"

"Ukuta, mwambie haondoki. Atakaa hapa nje mpaka waseme imekwisha."

"Basi nimekubali."

Alikaa. Mvua ilimnyeshea mpaka koti la vifungo vya shaba likawa zito kama la chuma. Mtoto alitoka akiwa wa buluu, Sista akampiga nyayo, akalia: msichana. Mama yake aliamka. Nilifungua dirisha nikamwambia mzee. Hakugeuka. Alikohoa mara mbili, kwa mazoea labda, au kwa kuwa hakuwa na kingine cha kusema.

Ningeacha hapo kama ningekuwa nasimulia watoto. Binti alipopata nguvu za kutembea, hakurudi nyumbani kwa mkwewe. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa mama yake Ikinga, na aliowaaga aliwaambia kwamba hawezi tena kufagia uwanja wa mtu aliyemwona vile, akamwuliza yale. Kuulizwa kupitia ukuta angeweza kukusahau siku moja. Lakini kuonwa, je? Na kuonwa nilisababisha mimi. Mzee alipeleka mbuzi kwa wazazi wake kuomba radhi. Mbuzi yule alipaswa kutoka zizini kwangu, nami sikumtoa, na hakuna aliyeniambia nimtoe. Mwanawe alituma ujumbe kutoka migodini kuuliza mke wake yuko wapi.

Kisha Mkalimani akaja asubuhi moja, akakirudisha kiti chake ukutani, akasimama mbele ya Daktari, kofia mkononi.

"Bwana, naacha kazi."

Daktari alishtuka. "Kwa nini? Tumekukosea?"

Mzee alinitazama mimi, wala si Daktari. Nilidhani angesema. Nilistahili aseme.

"Mwambie kifua kinanisumbua," akasema. "Kile kikohozi."

Nikasema hivyohivyo kwa Kiingereza, neno kwa neno. Daktari, kwa huzuni ya kweli, alifungua kabati akampa chupa mbili za ile dawa nyeusi, chungu. Akazipokea kwa mikono miwili.

Aliuza kahawa yake, akahamia Ikinga, akajenga ng'ambo ya kijito, mbali na uwanja ambao mwanawe aliporudi alimjengea mkewe. Njia zao zisikutane kabisa, ndivyo alivyokusudia. Huku hospitalini kiti kilibaki. Wanawake wa Kindali walipokuja nilikaa mimi, nikauliza kwa Kiswahili na kwa viganja, nao walinitazama, wakasema "ndiyo" kwa kila kitu. Mmoja baada ya mwingine waliacha kuja. Nilianza kujifunza Kindali wakati huo, kwa kuchelewa, tena vibaya.

Nilimwona mara moja tu baadaye, miaka ya mwisho ya Waingereza. Nilikuwa natembea milimani huko nikichanja watu ndui. Niliulizia nyumba yake, nikaonyeshwa, na nilipokaribia nikashangaa: hakukuwa na kikohozi. Alikuwa amekaa ndani karibu na mlango, kofia ileile, macho yote mawili yamefunikwa na utando mweupe.

"Nani anatembea kama ana shahada?" akauliza.

"Mimi, Mzee. Dresa."

"Aa. Bado hujavua viatu vya shule."

Tulicheka. Nikavua viatu mlangoni, nikaingia, nikamtazama macho, nikamwambia huo ni mtoto wa jicho tu, Daktari mpya ana mkono mzuri, tungemleta Mbozi akaona tena.

"Nikaone nini? Nikiona, itanibidi nianze tena kukohoa. Sasa hivi anakohoa yeye, mimi napumzika."

Sikuelewa. Kisha nikasikia, kwenye njia ya kijito, kikohozi cha mwanamke: kikavu, mara mbili. Mzee mara moja aligeuza kigoda chake, uso ukaelekea ukutani.

"Mzee," nikasema kwa sauti ya chini, "wewe huoni."

"Yeye anaona."

Nilisikia vyombo vikiwekwa kwenye jiwe nje ya mlango. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki. Aliyevuka kijito kila siku na uji alikuwa yule mke wa mwanawe. Alianza miaka miwili nyuma, kama mzee alivyonieleza baadaye, siku aliposikia kwamba baba mkwe amejigonga kwenye mti wa njia aliyoizoea. Hakuagizwa na mtu.

"Ukuta," sauti ya nje ikasema, sauti niliyoijua ingawa sasa ilikuwa nene, ya mama mtu mzima. "Mwambie uji ni wa ulezi, na shule inasema mjukuu wake amefaulu, wenzake kadhaa wameshindwa."

"Ukuta, mwambie nimesikia. Mwambie alipokuja jana huyo mjukuu alisema wote wamefaulu. Anatia sukari. Sijui karithi kwa nani."

Nje palisikika kicheko kilichozuiwa kwa kiganja.

"Ukuta, muulize. Nimeona viatu mlangoni. Mgeni ni nani?"

Mzee hakunigeukia. Aliusogelea ukuta kidogo, akauweka mkono juu yake.

"Mwambie ni yule dresa wa hospitali. Aliyenivuta mkono."

Nilitaka ardhi inichukue. Mvua haikuwepo, lakini niliisikia. Nje hapakuwa na mwendo, hakuwa ameondoka. Nilimsikia akipumua, kama alivyopumua chini ya shuka.

"Ukuta," akasema mwishowe, "mwambie uji unatosha watu wawili. Vikombe vyote viwili viko kwenye jiwe. Nilileta viwili kwa sababu niliviona viatu kutoka ng'ambo."

Nilijua jibu lake kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa Kinyiha. Mzee hakunisaidia. Nikainuka, nikageuka, nikaweka uso wangu karibu na udongo wa ukuta ule mpaka nikanusa moshi wake, nikasema kwa Kindali changu kibovu nilichojifunza kwa kuchelewa, "Wewe ukuta, mwambie nashukuru. Mwambie nilikosa."

Hatua zikaanza kushuka kuelekea kijito. Kwenye kona alikohoa, mara mbili.

"Amesemaje?" nikauliza.

Mkalimani aligeuza kigoda chake polepole, akanyoosha mkono kutafuta kikombe.

"Amesema njia ni salama," akasema. "Kunywa, kisije kikapoa."